Mjadala: Wimbi pweke lifundishwe sekondari, au tunawaongezea watoto mzigo?

Mdau wa Mlimani: Wakuu, hili linaniuma. Shuleni mawimbi ni ya kamba na springi, basi. Wimbi pweke, yaani la mgongo mmoja, linalokwenda mbali bila kuharibika umbo, halitajwi. Mhandisi John Scott Russell aliliona mwaka 1834 kwenye mfereji karibu na Edinburgh, Uskoti: mashua iliyovutwa na farasi ilisimama ghafla, mgongo wa maji ukaendelea peke yake, naye akaufuata kwa farasi zaidi ya maili moja. Sisi watu wa pwani tumelala. Mvuvi wa Kunduchi anazeeka baharini hajui wimbi ni nini.

Mtoto wa Kunduchi: Hapo kwa mvuvi umenikera. Mzee wangu anajua bamvua, maji makubwa, lini na maji mafu lini bila kushika simu. Wewe upelekwe kisiwani Mbudya kusi likivuma, tuone hiyo digrii.

Kibaraza: Shule hazina maabara, mnataka solitoni, hilo wimbi pweke lenu?

Mama Mbagala: Maabara ya nini? Mfereji wa mbao na maji vinatosha. Russell mwenyewe alijijengea tangi nyumbani. Mtoto ataona kwa macho: wimbi refu zaidi kwenda juu ndilo lenye mbio zaidi.

Binti Msasani: Na tsunami ya Desemba 26, 2004 je? Ilitoka Sumatra ikaja kuua watu mpaka hapa kwetu. Si ndiyo wimbi pweke lenyewe?

Mdau wa Mlimani: Hapana, dada, na hapa ndipo penye hatari. Tsunami huja mfululizo, na la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote. Mtu akiamini ni moja tu, likipita atarudi ufukweni kuokota samaki, la pili limkute.

Mtoto wa Kunduchi: Sawa, ila ya wavuvi hujajibu.

Kibaraza: Namuunga mkono Mtoto. Mto Qiantang, China, bahari inapanda mtoni kwa kishindo, na watu hufurika kutazama siku ya 18 ya mwezi wa nane wa kalenda yao. Karne na karne wanaufuata mwezi. Mlinganyo wa wimbi pweke, ule wa Waholanzi Korteweg na de Vries, umekuja 1895!

Mdau wa Mlimani: Mwezi unakwambia lini. Haukwambii kwa nini umbo halivunjiki. Wimbi linataka kujibana liwe kali mbele, huku linataka kutawanyika. Nguvu mbili zikilingana, linadumu. Ndiyo maana hesabu za aina hiyohiyo zinaeleza mpaka yale mawingu marefu ya asubuhi ghuba ya Carpentaria, Australia.

Abiria wa Gongo la Mboto: Doa jekundu la sayari ya Jupita nalo niliwahi kusoma ni solitoni.

Binti Msasani: Hilo lilipendekezwa miaka ya sabini. Siku hizi wengi wanaliona ni dhoruba kubwa inayozunguka.

Mama Mbagala: Jupita tena! Hapa Dar, bonde la Jangwani, mvua ikinyesha watu wanahama nyumba.

Mtoto wa Kunduchi: Mdau, wavuvi.

Mdau wa Mlimani: Nimesema hawajafundishwa. Sijasema hawana akili.

Mtoto wa Kunduchi: Umeandika "hajui wimbi ni nini", iko hapo juu, kila mtu anaisoma. Bamvua ijayo njoo Kunduchi alfajiri, ulete na huo mlinganyo. Wazee watakuuliza maswali.