Mrejesho: Albamu ya safari ya imani ya marehemu mama
Wapendwa, mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu albamu ya safari ya imani ya marehemu mama, baada ya gundi ya maji kukunjamanisha picha 2 za ubatizo wake. Nawashukuru kwa moyo wote. Nilifuata ushauri wa kutumia karatasi zisizo na asidi na kushikiza picha kwa vipembe vya karatasi, bila gundi; na kando ya picha ya kipaimara, inayomwonyesha mama akiwa ameushika mshumaa kwa mikono miwili, nikaandika kwa mkono Zaburi 103:2, inayotuhimiza tusizisahau fadhili za Bwana. Kurasa hizo zimetulia vizuri. Zile picha 2 hazikunyooka, hata baada ya kulazwa wiki nzima chini ya vitabu vizito, hivyo nimeweka nakala zake na kuzihifadhi zenyewe ndani ya bahasha.