Tupeane uzoefu: Tairi gani la pikipiki ya safari linafaa barabara zetu za Nyanda za Juu Kusini?

Wakuu, habari za majukumu. Nipo Uyole, natumia pikipiki ya Yamaha XTZ 125, rimu inchi 21 mbele na 18 nyuma. Matairi yote yameshakuwa vipara na mvua za Novemba hizo zinakuja. Kila duka Mwanjelwa naoneshwa yale ya kashata kubwa (vile vipande vya mpira vinavyochomoza juu ya tairi), "bosi hili linapanda popote". Mimi wiki nzima nipo lami, Jumamosi ndiyo napandisha Isyonje, Kikondo hadi Kitulo. Wenye uzoefu mwageni hapa, na msiishie kwenye bei, semeni tairi lilikufanyia nini barabarani.

Mdau wa Mbeya mjini
Kama lami ndiyo nyingi, kashata kubwa achana nazo. Zikiwa juu ya lami zinapinda, ukilaza kwenye kona unahisi pikipiki inacheza chini yako, na mpira unaogusa barabara ni kidogo. Shuka Inyala mvua inanyesha, lori mbele yako lishike breki ghafla, utanielewa. Halafu la nyuma linaisha katikati huku pembeni bado jipya, inauma. Chukua la nusu kwa nusu, wanaloliita 50/50, yaani nusu lami nusu vumbi. Ila hizo asilimia ni makadirio ya mtengenezaji tu, hakuna kipimo kimoja cha wote. Angalia kashata kwa macho yako.

Mdau wa Makete
Mkuu hapo juu anaongea hivyo kwa sababu yupo mjini 😂. Njoo huku mwezi wa pili. Udongo wetu ukilowa unanata, tairi lenye kashata zilizobanana linajaa tope na halijisafishi, hatua chache tu una kipara kinachozunguka palepale. Kinachosaidia ni nafasi kati ya kashata na kashata, tope lipate pa kutokea. Urefu wa kashata peke yake haukuvushi.

Na jamani, tairi la mbele! Vijana wananunua la nyuma zuri ili livute, mbele wanaacha lililokwisha. Panda Chimala kwenda Matamba, ile njia ya kona hamsini na saba, halafu ushuke nayo. La nyuma likiteleza unaweza kulirudisha. La mbele likiteleza umeshalala chini.

Mdau wa Iringa
Kamwene wakuu. Mimi njia yangu ni Tungamalenga, kule tope si shida sana, shida ni kokoto, vumbi na miiba. Rimu za spoki nyingi zinatumia tyubu, kwa hiyo pancha ni kuvua tairi zima. Mafundi wa vijijini wana tyubu za bodaboda, 17 na 18. Ya 21 huipati. Mimi natembea na ya 21 peke yake, kwa dharura inaingia hata kwenye 18 ya nyuma, unaikunja vizuri unafika mjini. Ukifika itoe, si ya kukaa nayo.

Mdau wa Mafinga
Bei wakuu?

Mzee wa Njombe
Vijana, kabla ya bei soma ubavuni. Kuna namba nne ndani ya kiduara: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani miaka mingi linang'aa vizuri tu, lakini mpira umekauka, na kwa baridi yetu ya asubuhi halishiki. Tazama na namba ya mzigo, uzito ambao tairi moja linaweza kubeba: 54 ni kilo 212, 65 ni kilo 290. Wewe unayebeba abiria na gunia la viazi hilo linakuhusu. Na mshale wa mzunguko ufuatwe, mafundi wengi hawauangalii.

Mwenye uzi
Shikamoo mzee, asante sana. Je, naweza kuweka kashata kubwa mbele, nyuma nusu kwa nusu?

Mdau wa Makete
Ndiyo nilivyofunga mimi. La mbele haliishi haraka, la nyuma ndilo linaloliwa na lami.

Mdau wa Mbeya mjini
Inawezekana, ila lami ikiwa na maji breki ya mbele iguse taratibu. Na upepo: kwenye tope punguza kidogo, ukirudi lami jaza. Ukipunguza mno tairi linatembea juu ya rimu na kuvuta tyubu. Ukiona mdomo wa tyubu umelala upande, simama hapohapo, toa upepo, rudisha tairi sawa. Ukiendelea unakatika.

Mwenye uzi
Kesho naenda dukani, namba za ubavuni nitazipiga picha kabla sijalipa. Mdau wa Iringa, hiyo tyubu ya 21 unaitoa wapi?

Mdau wa Iringa
Naagiza Dar, inakuja na basi. Agiza mbili.