Mrejesho: "I am selling" na kiambishi chetu -na-

Wiki tatu zilizopita niliuliza kwa nini sentensi yangu "I selling fish" ilisahihishwa kuwa "I am selling fish", ilhali "ninauza samaki" haihitaji neno la ziada. Nawashukuru nyote mlionijibu, hasa aliyeeleza kwamba -na- yetu hubeba kazi mbili ambazo Kiingereza huzitenganisha: tendo linaloendelea sasa hivi, na jambo la kawaida ambalo sisi tungeweza pia kulisema kwa hu-.

Tangu hapo, nikiwa kibandani kwangu Kibuye, hapa Kisumu, kila ninachokiona nakitungia sentensi kimoyomoyo, nikianza na mtendaji, kisha am, is au are, ndipo kitenzi chenye -ing: "She is frying tilapia", "They are waiting for a matatu." Wateja wakiwa wengi, is bado huniponyoka.

Tahajia ilinisumbua zaidi, kwa maana make hupoteza e na kuwa making, lakini sit huongeza t na kuwa sitting. Kosa jipya, nililolivumbua mwenyewe, ni "I am knowing the price". Kumbe know, want na like, kwa kuwa hutaja hali wala si tendo, kwa kawaida havichukui -ing, hata kama ninajua wakati huu huu.

Kilichobaki kunisumbua ni kuunda maswali. Jana nilimuuliza mteja "You are looking for what?" akatabasamu, nami nikakumbuka alipokwisha kuondoka kwamba katika swali are hutangulia mtendaji: "What are you looking for?"