Jumuiya yetu imchague Perpetua awe somo (mtakatifu msimamizi wetu)?

BintiBarani: Jamani, jumuiya yetu hapa Malindi tunatafuta somo, wengine wanamtaka Perpetua, mie namsikia tu misani akitajwa pamoja na Felisita, walikuwa kina nani?

MzeeShela: Mwanangu, hao Waafrika wenzetu, wa Kartago, Tunisia ya leo, waliuawa mwaka 203. Perpetua alikuwa na miaka kama 22, ananyonyesha, babake akamlilia gerezani amkane Kristo akakataa katakata, na hayo kayaandika mwenyewe!

Katekista: Na Felisita je? Mtumwa, mjamzito, sheria ya Roma haikuruhusu mwenye mimba auawe, akajifungua binti mlemle gerezani, Mkristo mmoja akamlea. Sikukuu yao 7 Machi.

BintiBarani: Asanteni wazee wangu, Jumapili nawapendekeza wote wawili.