Ukutubi: nianze na stashahada ya Bagamoyo au niende shahada moja kwa moja?

Binti wa Uyui ameuliza:

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu. Nimemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na matokeo yangu yananiruhusu kuomba shahada katika vyuo kadhaa. Nia yangu ni kusomea ukutubi, lakini nyumbani wazo hilo halijapokelewa vizuri. Baba anaona kwamba kazi ya maktaba ni kukaa mezani, kugonga mihuri na kuwanyamazisha wanafunzi, na kwamba mtu mwenye ufaulu wa kusomea sheria au ualimu hana sababu ya kwenda huko. Mjomba ananishauri nianze na stashahada katika Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka, Bagamoyo, kwa kuwa huko nitajifunza kazi kwa mikono, ilhali mwalimu wangu wa Historia anasisitiza niende shahada bila kuchelewa. Naomba walio ndani ya fani wanieleze kazi yenyewe ni ipi hasa, na ni njia ipi kati ya hizo mbili inayomjenga mkutubi.

Mstaafu wa Rafu amejibu:

Marahaba, mwanangu. Nimetumikia maktaba za mikoa hadi nikastaafu, kwa hiyo nitaanza na hoja ya baba yako, maana mihuri ipo kweli na wanafunzi wa kunyamazishwa wapo.

Chukulia mzee anaingia maktaba ya mkoa na kuomba "kitabu cha sheria ya ardhi". Asiyejua kazi atamletea Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999. Mzee ataipekua, ataona kurasa nyingi zisizomhusu, atashukuru kwa adabu na kwenda zake. Mkutubi atamuuliza kwanza shamba liko wapi, na akijibiwa kwamba liko kijijini na kinachomsumbua ni hati ya hakimiliki ya kimila, atajua kwamba kinachotakiwa ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huohuo, pamoja na kanuni zake. Hatamfasiria sheria, kwa kuwa hiyo ni kazi ya wakili, lakini atamfikisha kwenye kifungu na kumwonyesha ofisi ya kwenda nayo. Watu wengi huomba kitu ambacho sicho wanachokihitaji, na kuuliza swali la pili bila kumfanya mtu ajione mjinga ni ujuzi unaochukua miaka kukomaa.

Kazi nyingine msomaji haioni kabisa, nayo ndiyo niliyoipenda kuliko zote: kuainisha na kuorodhesha. Mpango wa Dewey, unaovipa vitabu namba kufuata mada zake na unaotumika katika maktaba nyingi za umma, ulitoka Marekani mwaka 1876, na bado unabeba mtazamo wa huko. Katika dini, sehemu kubwa ya namba za 200 imegawiwa Ukristo, na Uislamu umebanwa ndani ya 297. Fasihi yote ya Kiswahili nayo imewekwa chini ya 896.392. Katika mji mdogo wa Marekani namba hiyo pengine haijazi hata rafu moja, lakini kwetu inashika ukuta mzima. Kwa hiyo ni lazima mkutubi aamue ataurefusha vipi mgawanyo huo ili ushairi, tamthilia na riwaya visirundikane pamoja, kisha aamue majina ya waandishi. Mwandishi wa pwani aliyeandikwa kwa jina lake, kisha "bin", kisha jina la baba na nisba, anaweza kuingizwa na watumishi watatu chini ya herufi tatu tofauti, na vitabu vyake vikatawanyika kana kwamba ni watu watatu. Mkutubi huchagua umbo moja la jina, akayaelekeza mengine yote kwake, na kuandika uamuzi huo ili mrithi wake asianze upya.

Mwambie baba pia kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyefungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sherehe za Uhuru. Sidhani kama angeitenga siku hiyo kwa ajili ya mihuri.

Koha na Karatasi amejibu:

Nakubaliana na mzee, nami nitajibu kuhusu njia, kwa kuwa nafanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu.

Kwa ufaulu ulionao, nenda shahada. Sidharau Bagamoyo hata kidogo. Wahitimu wake wanaijua kazi ya rafu na orodha kuliko wengi wetu tuliopitia vyuo vikuu. Tatizo ni muundo wa utumishi, ambao humpokea mwenye stashahada katika ngazi ya usaidizi, na kupanda hadi ukutubi kamili kunamtaka arudi tena darasani, mara nyingi akiwa tayari na familia na majukumu. Katika vyuo vikuu vyetu, tena, wakutubi wamo katika kundi la wanataaluma: wanahitaji shahada ya uzamili na wastani mzuri wa alama tangu shahada ya kwanza, na hupanda cheo kwa kuchapisha makala kama wahadhiri. Ukiwa na ndoto hiyo, alama za mwaka wa kwanza usizifanyie mzaha. Kama ada ndiyo kikwazo nyumbani, hapo nitabadili ushauri, na Bagamoyo itakuwa chaguo la busara.

Jambo ambalo vyuo havilifundishi vya kutosha ni mifumo. Koha, programu ya kuendeshea maktaba iliyoanzia New Zealand, ni ya bure, na DSpace, inayotunza tasnifu na makala za chuo kwa njia ya kidijitali, ni ya bure vilevile. Ukiwa na kompyuta ya kawaida unaweza kujifunza zote mbili kabla hujahitimu. Nimekaa kwenye majopo ya usaili na kuona waombaji wenye vyeti vizuri wakieleza historia ya maktaba kwa ufasaha, lakini wakiombwa kuingiza rekodi ya kitabu kimoja kwenye mfumo wanatazamana na kioo.

Usiifikirie maktaba ya umma au ya chuo peke yake. Bunge, Mahakama, benki kuu, hospitali za rufaa na taasisi za utafiti zina maktaba zao. Kwenye vyuo vya afya, kwa mfano, Shirika la Afya Duniani limekuwa na mpango wa HINARI tangu mwaka 2002, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu, na bado utamkuta mtafiti akilipia kwa kadi yake makala ambayo taasisi yake ina haki ya kuisoma, kwa sababu tu hakuna mkutubi aliyemwonyesha.

Masijala Kuu amejibu:

Naongeza tahadhari fupi. Wengi huchanganya ukutubi na utunzaji kumbukumbu, kisha hushangaa wanapopangiwa masijala. Sisi tunashughulikia mafaili ya ofisi, chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, na mafunzo yetu mengi hutolewa na Chuo cha Utumishi wa Umma. Nafasi kwetu hutangazwa mara nyingi zaidi, kwa sababu kila halmashauri ina masijala lakini si kila halmashauri ina maktaba. Shule nyingi za serikali humkabidhi mwalimu wa lugha ufunguo wa chumba cha vitabu, basi. Ukichagua ukutubi, ujue unaweza kusubiri, na soma walau moduli moja ya kumbukumbu ikiwa chuo chako kinaitoa.

Binti wa Uyui ameandika:

Nawashukuru sana. Baba amesoma mfano wa shamba la kijijini na ameniuliza swali kuhusu hati yake mwenyewe, jambo ambalo sikulitarajia. Je, ninaweza kujitolea katika maktaba ya mkoa wakati nasubiri udahili, au wanapokea wanafunzi wa vyuo tu?

Mstaafu wa Rafu amejibu:

Andika barua kwa Mkutubi wa Mkoa, uambatanishe nakala ya matokeo na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, na uipeleke mwenyewe badala ya kuituma. Ukikubaliwa watakuweka mezani, kwa kuwa ndiko kwenye upungufu. Kaa hapo bila kinyongo, lakini omba siku moja kwa wiki uingie chumba cha kuorodhesha, upewe boksi la vitabu vya msaada ambavyo havijaguswa, na mtu wa kukukosoa namba zako kwa penseli.