Mjadala: Wanajeshi walitumwa Nairobi Juni 2024 kupitia mlango gani wa Katiba?

Mleta mada

Jioni ya Juni 25, 2024, saa chache baada ya wabunge kuupitisha Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, kwa kura 195 dhidi ya 106 na waandamanaji walioupinga kuvamia majengo ya Bunge, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, Aden Duale, alitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba Majeshi ya Ulinzi ya Kenya (KDF) yametumwa kuwasaidia polisi. Kufikia Juni 27 magari ya deraya yalikuwa yakipita katikati ya jiji. Tangu siku hizo mabishano mengi yamekuwa juu ya ukubwa wa vurugu, yaani kama hali ilikuwa mbaya kiasi cha kuhitaji jeshi. Swali hilo ni zito, lakini naona limelifunika lingine ambalo lingepaswa kutangulia, nalo ni mamlaka gani hasa iliyotumiwa kuwatoa wanajeshi kambini.

Kifungu cha 241(3) cha Katiba kinayapa majeshi kazi tatu. Ya kwanza ni kulinda nchi na mipaka yake. Ya pili, katika aya ya (b), ni kuzisaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au janga, kisha Bunge la Kitaifa lipewe ripoti. Ya tatu, katika aya ya (c), ni kurejesha amani katika sehemu yoyote ya nchi iliyokumbwa na machafuko, na hapo Katiba inasema waziwazi kwamba ni kwa idhini ya Bunge la Kitaifa pekee. Matumizi halali ya aya ya (b) tulikuwa tumeyashuhudia wiki chache tu kabla, wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei, wanajeshi walipotumwa kusaidia kuwahamisha watu kutoka maeneo ya hatari. Hakuna aliyelalamika kwamba Bunge halikuulizwa kwanza, kwa sababu mto uliofurika hausubiri kikao.

Sasa, tangazo la Juni 25 liliegemea aya hiyo hiyo ya mafuriko, ilhali lililokuwa likishughulikiwa ni maandamano ya raia. Wabunge waliletewa hoja siku iliyofuata na kuipitisha, lakini kuidhinisha jambo lililokwisha kutendeka si sawa na kuombwa idhini. Isitoshe, waliopiga kura hiyo ni watu ambao jana yake walikuwa wametoroshwa Bungeni kupitia njia ya chini kwa chini, na sidhani mtu aliye katika hali hiyo ndiye anayefaa kupima kwa utulivu ni nguvu kiasi gani itumike dhidi ya waliomkimbiza.

Chama cha Wanasheria (LSK) kilikwenda kortini. Jaji Lawrence Mugambi alikataa kuusimamisha uamuzi wa kutuma jeshi, ila aliiagiza Serikali itangaze ndani ya siku mbili mipaka ya kazi hiyo na muda wake, akionya kwamba kulituma jeshi bila kuweka mipaka ni mwelekeo wa hatari. Wengi walisherehekea au kulaani nusu ya kwanza ya uamuzi huo. Kwangu mimi nusu ya pili ndiyo yenye uzito, kwa kuwa inakiri kwamba amri ya awali haikuwa na mwisho.

Kwa nini nang'ang'ania utaratibu? Kwa sababu polisi akimpiga raia risasi, angalau kuna Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi (IPOA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kumchunguza. Mamlaka hiyo haina uwezo juu ya mwanajeshi. Na hatuzungumzi kinadharia. Februari 1984 jeshi lilitumwa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, kuwapokonya watu silaha, na yaliyotokea katika uwanja wa ndege wa Wagalla tunayajua: Serikali ilikiri vifo 57, lakini Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliripoti mwaka 2013 kwamba huenda waliokufa walikaribia 1,000. Miaka 29 ilipita kabla ya tume rasmi kulisema hilo. Msimamo wangu basi ni kwamba jeshi lisiguse maandamano ya mjini ila kwa aya ya (c), idhini ikitangulia, na hoja yenyewe ikitaja eneo, muda na afisa atakayejibu.

Mchangiaji, polisi mstaafu

Ndugu mleta mada, nimekusoma hadi mwisho na sina ugomvi nawe kuhusu aya ya (c). Ugomvi wangu ni kwamba umeizungumzia IPOA kana kwamba ni ngao. Mtoto mchanga wa miezi sita alipigwa Kisumu wakati wa msako wa polisi Agosti 2017 akafa. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha maafisa washtakiwe mwaka 2022. Ni miaka mitano hiyo kabla ya mashtaka kuidhinishwa tu.

Pili, waliokufa Juni 2024 wengi hawakufa kwa sababu ya deraya. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) ilihesabu vifo 39 kufikia Julai 1, na lawama kubwa ilielekezwa kwa polisi. Naomba mnielewe kutoka upande wa aliyesimama kwenye laini ya polisi. Askari ameamka saa tisa usiku, hajala, anarushiwa mawe tangu asubuhi. Amebeba vitoza machozi vichache na bunduki ya G3, silaha iliyoundwa kwa vita, ambayo risasi yake inaweza kupenya mtu mmoja ikampata wa nyuma. Vitoza machozi vikiisha saa nane mchana na gari la maji liko mtaa mwingine, mkononi kinabaki nini? Mimi ningependelea mwanajeshi alinde lango la Bunge ili kikosi kilichofunzwa kutawanya umati kiende kinakohitajika, kuliko kumwacha askari wa kituo, aliyezoea kufuatilia wezi wa mifugo, akabili watu elfu tano na bunduki hiyo.

Tatu, Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Polisi, linaloeleza matumizi ya silaha, linataja pia kulinda maisha na mali kwa nguvu zinazostahili. Msiseme sheria inamfunga askari mikono kabisa.

Mchangiaji, mwenye duka

Nyote wawili mnazungumza kama watu wasiolipa kodi ya pango katikati ya jiji. Juni 25, 2025, katika maadhimisho ya mwaka mmoja, maduka yalivunjwa mchana kweupe. Langu lilikuwa na mlango wa chuma wa kukunja. Waliupinda kutoka chini kwa jeki ya gari, wakaingia kwa kutambaa. Walioandamana hawakuwa hao, nakubali, maana vijana waliobeba bendera ndio waliowafukuza mara ya kwanza. Lakini Rais William Ruto aliposema Julai 9 mwaka huo kwamba anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu kisha apelekwe hospitalini na kortini, sitawaficha, nilimwelewa. Mnaotaka idhini, muda na eneo, niambieni saa ile ningemwita nani.

Mleta mada

Nianze na mwenye duka, kwa sababu swali lake ni la haki. Ulipaswa kumwita polisi, na polisi alipaswa kufika. Juni 25, 2025 waya wenye miiba ulizungushwa Bungeni, wakati mitaa ya biashara ikiachwa wazi. Huo ni uamuzi wa mtu fulani kuhusu nini kilindwe kwanza. Lakini hiyo risasi ya mguu unayoielewa haipo katika uhalisia. Kijana aliyepigwa risasi Nairobi Juni 20, 2024 alipigwa kwenye paja, na uchunguzi wa maiti ulionyesha alikufa kwa kuvuja damu. Paja lina mshipa mkubwa, na anayekimbia hasimami alengwe.

Afande, nashukuru kwa kutusogeza hadi kwenye laini. Ni kweli Jedwali la Sita linataja mali, lakini linaanza kwa kumtaka askari atumie kwanza njia zisizo za nguvu, na silaha iwe pale tu ambapo njia nyepesi hazitoshi. Jedwali hilo hilo linamtaka afisa aliyevaa sare abandike jina au nambari yake mahali panapoonekana, na Juni 2024 tuliona waliofunika nyuso, wengine bila sare kabisa. Hoja yako kwamba IPOA ni dhaifu naikubali, ila inaniongezea hofu badala ya kuipunguza: ikiwa yule aliye na mchunguzi anachukua miaka mitano, asiye na mchunguzi atachukua mingapi?

Nina swali moja kwako. Bunduki haitoki ghalani bila sahihi, wala risasi bila kuhesabiwa. Kwa nini tunaambiwa kila mara kwamba aliyefyatua hajulikani?

Mchangiaji, polisi mstaafu

Rejesta ya silaha huandikwa nambari ya bunduki, jina la askari, risasi zilizotoka na zilizorudi. Enzi zangu, aliyerudisha magazini ikiwa imepungukiwa na risasi moja aliandika maelezo kabla ya kuvua kofia. Kwa hiyo usiniulize mimi kwa nini hajulikani. Muulize kamanda wa kituo anayeihifadhi, na kama unataka Bunge liwe na kazi, basi wabunge waliopata muda wa kuidhinisha jeshi kwa siku moja wamwite kamanda huyo aje na kitabu chake mkononi.