Pikapu ndefu ya Idi

Idi (Fort Worth): Shikamooni wazee wangu, na salamu kwa wengine wote. Kama mnavyofahamu, mwaka jana mimi na Mama Salma tulinunua trela la kulala, lile lenye vitanda na jiko, ambalo halifungwi kwenye ndoano ya nyuma ya gari bali shingo yake inapita juu ya bodi ya pikapu. Pikapu yetu imechoka gia, hivyo Jumamosi tunakwenda kutafuta nyingine. Muuzaji ananihimiza nichukue iliyo ndefu zaidi, kwa madai kwamba gari lililoinuka ndilo linalovuta vizuri. Naomba mawazo yenu kabla sijatia sahihi.

Baba Mdogo (Morogoro): Marahaba mwanangu. Ndefu kwenda juu, au ndefu kwenda nyuma? Hayo ni mambo mawili, na muuzaji anaweza kukuuzia moja wakati wewe unahitaji la pili.

Idi: Kwenda juu, Baba Mdogo. Inavuta kwa magurudumu yote manne, na kingo za bodi yake ziko inchi 58 na nusu kutoka ardhini. Za pikapu yetu ya sasa ziko inchi 53.

Baba Mdogo: Trela lako linakaa juu ya sahani kama ile niliyoitumia miaka 22 kuvuta semitrela kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, ila yako ni ndogo. Wazungu wanaiita gurudumu la tano kwa sababu kwenye magari ya farasi lilikuwa gurudumu kweli, limelazwa juu ya ekseli ya mbele ili gari liweze kukata kona. Pini ya trela inaingia, taya zinaibana, na uzito unatua juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Ndiyo maana mvuto wa namna hii hauyumbi kama wa ndoano. Urefu wa gari hauongezi nguvu yoyote hapo. La kujiuliza ni hili: trela likiwa limelala sawasawa, tumbo la shingo yake liko juu kiasi gani?

Dada Rehema (Minneapolis): Baba Mdogo amegusa penyewe. Idi, liegeshe trela mahali tambarare, weka pimamaji sakafuni, panda na kushuka na miguu yake ya mbele mpaka litulie, kisha pima kutoka ardhini hadi chini ya shingo. Baina ya hapo na kingo za bodi, gari likiwa limebeba, paachwe inchi 6; inchi 5 na nusu bado inavumilika. Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilikuwa natoka kituo cha mafuta, njia ya kutokea ina mfereji uliokatiza mshazari, gari likainamia kulia na trela likabaki wima. Nilisikia sauti kama mtu anachana bati, na niliposhuka nikakuta ukingo wa bodi umeng'ata shingo ya trela na kuacha mkunjo wa kiasi cha kiganja. Mwendo wangu ulikuwa wa mtu anayetembea.

Idi: Nilikwisha kupima, Dada. Tumbo la shingo liko inchi 60. Pikapu mpya ikibeba itashuka kama inchi 2, kwa hiyo kingo zitakuwa 56 na nusu, na nafasi itakayobaki ni inchi 3 na nusu tu. Nilidhani nitaipandisha sahani kwa inchi 2 au 3 na mambo yaishe.

Dada Rehema: Hayataisha, yatahamia nyuma. Ukiipandisha sahani, trela linainua pua, na uzito unaelemea ekseli yake ya nyuma. Kwa joto la Texas la mwezi wa Julai, tairi hizo ndizo zitakazopasuka kwanza. Lipo suala la kulipandisha trela lenyewe: kama ekseli zake zimefungwa juu ya springi, fundi huzihamishia chini ya springi, na trela zima linapanda kama inchi 4 au 5.

Mama Salma (Fort Worth): Shikamoo Baba. Wifi, tukilipandisha hatutagonga madaraja? Paa lake sasa ni futi 12 na inchi 7, kiyoyozi kikiwemo. Na Mama anakuja Agosti. Kwa magoti yake, atapandaje gari la urefu huo?

Dada Rehema: Kwa inchi 5 mtafika futi 13 kamili, wifi yangu. Texas inaruhusu futi 14, na majimbo mengi mengine futi 13 na inchi 6, kwa hiyo barabara kuu si tatizo. Tatizo ni madaraja ya kale ya mijini. Lile la reli la Durham, North Carolina, lililokuwa likichuna mapaa ya malori kila mara, lilipandishwa mwaka 2019 na bado ni futi 12 na inchi 4. Hata leo hampiti hapo.

Baba Mdogo: Marahaba mkwe wangu. Idi, tumezungumza urefu kutwa nzima na hujataja uzito. Pale mizani ya Mikese hakuna aliyewahi kuniuliza lori langu ni refu kiasi gani.

Dada Rehema: Fungua mlango wa dereva wa hiyo pikapu, usome kibandiko kinachotaja uzito wa watu na mizigo kwa jumla.

Idi: Ninayo picha yake. Kinasema ratili 2,340. Injini ni ya dizeli.

Dada Rehema: Na dizeli ni nzito, inakula sehemu ya mzigo wako kabla hujapakia hata kikapu. Trela lenu likijaa lina ratili 11,000. Pini hukalia gari kwa takriban asilimia 20, yaani 2,200. Ongeza sahani, 150, kisha nyinyi wanne pamoja na Mama, tuseme 650. Jumla ni 3,000.

Baba Mdogo: Amezidi kwa karibu kilo 300, na bado hajatia maji wala mkaa.

Idi: Muuzaji alinionyesha uwezo wa kuvuta tu, na ulikuwa mkubwa kweli.

Dada Rehema: Uwezo wa kuvuta na uwezo wa kubebeshwa ni hesabu mbili. Mwulize kama anayo ya daraja linaloitwa la tani moja, injini ya petroli, inayovuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Aina hiyo kwa kawaida hukaa chini kwa inchi 2 hivi.

Idi: Ipo moja pembeni ya uwanja wake, nyeupe, bodi ya futi 8. Nilipita nikaidharau. Kibandiko chake ni ratili 3,900, na kingo ziko inchi 56.

Baba Mdogo: Springi zake ni ngumu, haitashuka zaidi ya inchi moja na nusu. Utabaki na 5 na nusu, bila kugusa ekseli za trela. Na hiyo ndiyo ndefu niliyokuulizia asubuhi: bodi ya futi 8 inakupa nafasi ya kukata kona bila pua ya trela kugonga kioo cha nyuma.

Idi: Theluji je, ikitukuta njiani?

Dada Rehema: Ninayeishi na theluji ni mimi, mdogo wangu. Wewe ukiiona, egesha ulale. Si unavuta kitanda?

Mama Salma: Hiyo nyeupe Mama ataipanda. Ila gari likiwa na bodi ya futi 8 litatokeza kwenye njia ya waenda kwa miguu hapa nyumbani, na jirani alikwisha kulalamika kuhusu hili la sasa. Idi, tepu ya kupimia iko kwenye droo ya jikoni. Anzia kwenye mlango wa gereji, Salma atakushikia upande wa pili.